Ombi la Likizo ya Pwani kwa Janga Lijalo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Kinshasa
Nakala: Forodha, mpakani Kipushi

Mheshimiwa Waziri,

Tunaishi Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, pale barabara inapoishia na Zambia inapoanzia. Ninaandika mapema nisije nikaambiwa nimechelewa: naomba nafasi ya likizo ya pwani, watu sita, kwa janga lijalo. Korona ilitukuta hatujajiandaa. Mpox, iliyotangazwa kuwa dharura ya dunia Agosti 2024, ilitukuta bado tunalipa madeni ya korona. Safari hii tumeamua kuwahi foleni.

Utaniuliza, kwa nini pwani, tena wakati wa ugonjwa? Kwa sababu ndiko walikokwenda wenye nafasi zao. Machi 2020 jimbo letu la Haut-Katanga lilifungiwa ndani saa 48, na tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura nchi nzima. Tukakaa nyumbani tukinawa mikono, zile siku ambazo bomba lilikumbuka kutoa maji. Hata miezi miwili haijatimia, tarehe 18 Mei, Tanzania ikafungua anga yake kwa wageni. Nikamwonyesha mke wangu picha kwenye simu: watu wamejilaza mchangani, uso wazi. Akaniuliza kama hao hawaijui korona. Nikamwambia wanaijua sana, ndiyo maana wamekimbilia huko.

Kwetu mpaka ulifungwa kwa watu. Na mpaka wa Kipushi, Mheshimiwa, usiutafute kwenye ramani, utafute jikoni. Unga wa bukari, ndio ugali wetu, hutoka ng'ambo, begani na juu ya baiskeli. Mpaka ukifungwa, sufuria ndiyo hupata habari kabla ya redio.

Lakini nisiseme uongo, haukufungwa kwa wote. Mzigo ulipita. Malori ya shaba na kobalti yaliendelea kutoka Katanga kupitia mpaka wa Kasumbalesa, yakaikata Zambia kuelekea Dar es Salaam na Durban. Hata Zambia ilipofunga Nakonde, mpaka wake na Tanzania, mwezi ule wa Mei kwa sababu ya wagonjwa, mzigo ulisubiri siku chache tu, kisha ukaendelea na safari yake. Kwa hiyo yupo mwana wa Katanga aliyekwenda pwani wakati wa korona. Ni shaba. Haikuvaa barakoa wala hakuna aliyeipima homa. Ililala bandarini ikipigwa na upepo wa bahari, halafu ikapanda meli.

Baba yangu, ambaye watoto humwita babu, alishinda chini ya ardhi ya Kipushi miaka 27, mpaka kazi iliposimama mwaka 1993. Bahari hajaiona hata mara moja. Jioni nyingine huuliza: “Ile niliyoitoa, ilifika salama?” Hatujui la kumjibu.

Tafadhali usitushauri Muanda. Ndiyo, bahari tunayo, kama kilomita 40 za pwani kwa nchi nzima hii, na visima vya mafuta vimeshatangulia kufika. Lakini weka rula kwenye ramani: kutoka hapa hadi Muanda ni zaidi ya kilomita 1,700. Dar es Salaam iko karibu zaidi. Bahari ya jirani ni jirani kuliko ya kwetu.

Wala usituambie habari za utalii wa ndani. Mchanga tunao, mabaki ya kiwanda cha kuchenjua, laini kama unga, na upepo wa kiangazi hutuletea hadi mezani bila malipo. Bahari nayo tuliwahi kuipata: mwaka 2011 pampu zilishindwa na maji yakaujaza mgodi chini ya miguu yetu. Wawekezaji wakaja wakaikausha, na tangu 2024 zinki inatoka. Nayo pia inasafiri.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo yao: walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na metali nyingine kwa wingi wa kutisha. Wengine walisikitika kusoma hayo. Mimi nilifurahi. Kumbe kwa sheria sisi ni watu, ila kwa maabara tumeshaanza kuwa mzigo!

Basi ombi langu ni hili: janga lijalo likitangazwa na mpaka ukafungwa, tuandikishwe kwenye karatasi za forodha kama madini. Ushuru tutalipa. Hoteli hatuhitaji, lori litushushe karibu na bandari, ufukwe tutautafuta wenyewe. Wakati wa kurudi, tunaomba tu tusipakiwe pamoja na ile asidi inayokuja migodini, maana mtoto wa mwisho hutapika njiani.

Kwa ajili ya makaratasi: watu sita, uzito wa jumla kilo 309, pamoja na babu, ambaye bila shaka ndiye mwenye madini mengi kuliko sisi wote. Barakoa tunazo tangu 2020. Zimefuliwa.

Wako mtiifu,
Baba wa familia, Kipushi