Namna ya Kutangaza Habari za Polisi Bila Kumsumbua Polisi

Ndugu yangu, umepata kazi kwenye redio hapa Kipese, Kivu ya Kaskazini. Mshahara hakuna, ila maikrofoni umepewa, na kuanzia leo mama wauza kabichi watakuita mwandishi wa habari. Kabla hujateleza ukaanza kuwatumikia wasikilizaji, soma maelekezo haya.

Anza na barabara. Siku ya soko pikipiki zinashuka Butembo na magunia ya viazi, na zote zinasimama penye bariere ya polisi. Mwenye pikipiki anatoa noti, askari anaikunja, kamba inashushwa. Jetoni, yaani risiti, haitolewi. Mwandishi asiyefundwa angeuliza noti ilikuwa ya kiasi gani, inaandikwa kwenye daftari gani, nani alimweka askari yule pale, na yeye mwenyewe alilipwa lini mara ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo baya kupita yote, maana askari anaweza kulijibu, tena kwa uchungu. Wewe utatangaza: "Usafiri ni shwari."

Likitokea la risasi usihangaike, waliotutangulia wameshatuachia maneno. Katika habari zetu risasi ya polisi haina mwenyewe. Inatoka yenyewe, inazurura, inamkuta kijana njiani, na jina lake ni risasi iliyopotea. Mtu akiuawa usiku, waliomuua ni "watu wenye silaha wasiotambulikana", hata kama mtaa mzima unawatambua kwa sura, kwa sauti na kwa madeni yao ya pombe ya kasiksi. Kisha utaongeza kwamba uchunguzi unaendelea. Usirudi mwezi ujao kuuliza umefika wapi. Mwandishi anayerudi huonekana hana malezi.

Kuna mfano mmoja ambao usiuige kabisa. Mei 2020, mjini Beni, Freddy Marcus Kambale, kijana wa harakati ya kiraia ya Lucha, alipigwa risasi na kufa katika maandamano ya kudai usalama. Wenzake walikataa kunyamaza, habari zikaendelea kutoka, na mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya hapohapo Beni ikamhukumu polisi mmoja kifungo cha maisha. Unaona hasara yake? Risasi ilipatikana, na mwenyewe akapatikana.

Wasikilizaji wakikuuliza polisi anashtakiwa wapi, usiwasomee kifungu cha 156 cha Katiba kinachompeleka mbele ya mahakama za kijeshi. Wataanza kuijua njia ya kwa oditeri, mwendesha mashtaka wa kijeshi. Waambie wamwone mkubwa wa eneo. Hapo utakuwa umewapeleka salama, kwa sababu tangu Mei 2021, serikali ilipoweka utawala wa dharura katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, viti vya meya wa Butembo na wa Beni vimekaliwa na maafisa wa polisi. Basi mwenye malalamiko dhidi ya polisi atapiga hodi kwa polisi, atakaribishwa kiti, na mlinzi wa mlangoni atakuwa polisi.

Sasa tuje kwenye bahasha, maana ndiyo kazi yenyewe. Waandishi wa Kongo tunaiita kupaje; ukiwa na haya, sema "transport". Ukiitwa kwenye mkutano na wanahabari, fika mapema, andika jina kwenye karatasi, kaa mpaka mwisho hata kama habari iliisha dakika ya tano. Anayetoka kabla ya bahasha anatiliwa shaka kwamba alikuja kusikiliza. Ukishapokea, hakuna atakayekuamuru uandike nini. Utaona tu kalamu inajua yenyewe.

Nikuambie pia kitu ambacho si mzaha: mtu anayetangaza mwaka mzima bila mshahara, ana watoto na kodi ya nyumba, hawezi kuhubiriwa maadili na mkurugenzi aliyempa maikrofoni tupu. Lakini angalia yaliyotokea. Noti ya penye bariere ilitolewa bila jetoni, na bahasha yako nayo haina jetoni. Siku utakapotaka kumwuliza komanda risiti, atacheka tu na kukuuliza yako iko wapi. Kwa hiyo usimwulize. Mwongozo huu unakuepusha na aibu.

Kwa wanasiasa kazi ni nyepesi. Tarehe 26 Desemba 2018 CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na sehemu nyingine za nchi siku nne baadaye, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Tarehe 30 watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe mitaani. Ile halali ilipotufikia Machi 2019, rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Mheshimiwa akija Kipese usimwulize alisema nini wakati ule. Wala usimkumbushe kwamba Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, udanganyifu ukiwa mojawapo ya sababu. Swali lako ni moja: "Mheshimiwa, una ujumbe gani kwa wananchi?" Atakuwa nao.

Shida ya siku hizi ni simu. Kabla hujawasha mtambo, mwenye pikipiki ameshapiga picha ya bariere na imefika WhatsApp ya Butembo, Goma hadi Ulaya. Ungeweza kufanya kazi mpya: kuhakiki picha ni ya lini, kumpigia komanda, kuwatafuta waliokuwepo. Usithubutu. Sema ni uzushi. Na ukiingiwa na ushujaa, mkumbuke mwandishi Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani Kinshasa kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024 kwa sababu ya makala ya jarida la Jeune Afrique isiyokuwa hata na jina lake. Mkumbuke na Papy Mumbere Mahamba wa redio ya Lwemba, kule Ituri, aliyechomwa kisu nyumbani kwake Novemba 2019 baada ya kipindi cha Ebola. Yeye hakuwa anatafuta ugomvi na polisi. Alikuwa anawaeleza majirani zake habari za ugonjwa.

Mwisho, kipindi cha simu za wasikilizaji, ambacho ndicho hatari kuliko vyote kwa sababu huwezi kukikata mapema. Mama mmoja atapiga, atasalimu vizuri, atamsalimu na mume wake aliye shambani. Kisha ataanza: "Papa mwandishi, mtoto wangu yuko kwenye kasho ya polisi tangu juzi, wanataka dola..." Hapo sogeza kidole. Sema, "Mama, laini yako inakatikakatika," uweke wimbo. Mtandao wa huku tunaujua sote, hatakushuku. Akipiga tena, mwambie mfumo umejaa. Akipiga mara ya tatu kwa simu ya jirani na kuanza kutaja jina la askari, herufi kwa herufi, mtazame fundi mitambo kwanza. Huenda yeye ameshaanza kuandika.