Kwa Heshima na Taadhima ya Lenzi Pana

Lenzi ya milimita 50 ina wapambe wake. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na kila mwalimu wa upigaji picha humwambia mwanafunzi aanzie hapo. Ile ndefu ya 70–200 nayo haikosi wa kuisifia: taa za ukumbini zinayeyuka nyuma ya bwana harusi, jasho halionekani, na shingo ya bibi harusi inapata heshima yake yote. Lakini lenzi pana kupindukia, hizi za 14–24, za 16–35, na za 10–20 kwa kamera zenye sensa ndogo, husengenywa kila zinapotajwa. Zinaangusha nyumba, zinavimbisha watu, zinadumaza milima, zinapiga picha viatu vya mwenyewe. Yote ni kweli. Mimi nasema hizo ndizo sifa zake, na imefika zamu ya mtu kusimama na kuzitaja bila haya.

Tuanze na umbo. Nikon walipotoa 14–24 yao ya f/2.8 mwaka 2007, waliipa jicho la kioo lililotokeza nje, lisilo na mahali pa kukazia filta, na uzito wa takriban kilo moja. Canon hawakukubali kuachwa: mwaka 2015 wakaleta 11–24 ya gramu 1,180. Ining'inize shingoni kwenye mahafali tangu saa mbili asubuhi, na ikifika adhuhuri utakuwa umeinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao wazazi wako waliutafuta miaka mingi bila mafanikio. Vumbi, kidole cha mtoto, tone la mchuzi wa biriani, vyote vinakaribishwa kwenye kioo kile. Anayetaka filta kwenye ile ya Nikon lazima anunue fremu ya kuvalisha mbele, yenye vioo vya upana wa milimita 150, kisha apite nayo mtaani mchana kweupe.

Na akishaipata asidhani amemaliza. Filta ya polaraiza hutia bluu nzito kwenye ile sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, nayo lenzi hii hutazama nyuzi zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Basi anga moja hutoka na hali mbili za hewa: doa la bluu ya magharibi katikati, weupe wa mchana kandokando. Mwenye picha ataulizwa kama mvua ilinyesha.

Kisha kuna ukarimu wake. Lenzi ya 50 huona nyuzi 46 au 47 kutoka kona hadi kona. Ya 24 huona 84. Ya 16 inafika 107, na ya 14 inafika 114. Huku chini milimita zina thamani ya dhahabu. Ukitoka 70 kwenda 72 hakuna atakayejua kilichobadilika. Ukitoka 16 kwenda 14 umeongeza nyuzi 7, na ndani ya nyuzi hizo atapita mshika taa, pipa la taka, na mjomba anayekunywa soda kwa mrija. Lenzi nyingine huchagua. Hii haijui ubaguzi: kivuli chako kikiwa mbele yako kinaingia, jua likiwa kando linaingia na kuacha misururu ya madoa ya kijani, na ukiiinamisha kidogo vidole vyako vya miguu vinaingia pia.

Hapa anayenunua kwa kuiga jirani huumbuka. Mwenye kamera ya sensa ndogo, ile ya APS-C, akichukua 16–35 kwa sababu jirani anayo, anapata upana ambao jirani anaupata kwenye 24 au 26, yaani picha ya kawaida kwa bei isiyo ya kawaida. Ya kwake ni 10–20 au 11–16. Na f/2.8 ni ya mpiga nyota na mtu wa kumbi zenye giza. Anayepiga nyumba na mandhari f/4 inamtosha, tena nyingi za f/4 hukubali filta ya kawaida ya kukaza, ya 77 au 82. Lakini akiichukua hiyo atakosa fahari ya kubeba kilo shingoni.

Ukoo huu ni wa zamani, na haki ilikuwa tabia yake tangu mwanzo. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, kazi ya Emil von Höegh: vipande viwili tu vya kioo, vimebinuka hadi karibu kuwa nusu tufe, vikitazama nyuzi zipatazo 140. Tatizo lilikuwa mwanga. Katikati ya picha palishiba, kona zikabaki gizani, maana mwanga unaoingia kwa mshazari hufika umepungua mno. Dawa yao ilikuwa feni ndogo yenye umbo la nyota, iliyowekwa mbele ya kioo. Mpiga picha alibonyeza kibofu cha mpira, upepo ukaizungusha, nayo ikaizuia katikati isijipakulie peke yake huku kona zikila taratibu. Zikishapata zake, feni iliondolewa na katikati ikamaliziwa sehemu yake. Sijaona serikali iliyobuni chombo cha haki kuliko hicho. Siku hizi kona bado hutoka na kiza ukifungua f/2.8, ila kamera hupaka mwanga kimyakimya kwa programu na hakuna anayeshukuru.

Lakini twende harusini, maana huko ndiko lenzi hii hufanya kazi yake kubwa. Jukwaa limebanwa na meza ya keki upande huu na spika upande ule. MC anaita ukoo wote wa bibi harusi upande kupiga picha. Wanapanda, na watoto wao, na jirani mmoja ambaye hakuna aliyemwita. Mpiga picha anarudi nyuma mpaka kiuno kinagonga meza ya wazee na chupa ya maji inaanguka. Hawaingii. Anatoa 14. Wameingia wote, hata jirani! Maharusi katikati wametoka safi, wana vimo vyao na viuno vyao. Na pale ukingoni kabisa, kushoto, amesimama shangazi.

Huyu shangazi ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati. Ndiye aliyewapigia simu walioahidi michango wakajificha. Alichelewa kupanda jukwaani kwa sababu alikuwa nyuma ya ukumbi akihesabu sahani, na aliyechelewa husimama pembeni. Kwenye picha kichwa chake kimevutwa kwenda nje, shavu moja limesafiri, bega limepanuka, na pochi yake ina ukubwa wa begi la safari. Kwa lenzi ya milimita 14, kitu cha mviringo kilicho kwenye ukingo wa upande hurefushwa kuelekea nje hadi mara 1.6 ya kimo chake. Kwa 24 ni mara 1.25, ambayo ndugu husamehe. Kwa 50 hakuna anayegundua.

Lenzi haikukosea hata chembe. Ilipewa kazi ya kuitandaza dunia juu ya kipande bapa cha milimita 36 kwa 24 bila kupinda nguzo za ukumbi, na aliyeinunua alilipa ili nguzo zinyooke. Angetumia ile ya jicho la samaki, kichwa cha shangazi kingebaki na duara lake na ukumbi ungejikunja. Lazima mmoja aumie, na nguzo hazinyooshwi kwa bure.

Wapo wanaosema picha hiyo ni ya uongo. Naomba shangazi aelezwe vizuri. Picha ya milimita 14 ikichapwa kwa upana wa sentimita 36, hutazamwa sawasawa kutoka umbali wa sentimita 14. Asogee, afumbe jicho moja, lile lililo wazi liwe mkabala na katikati ya picha, kisha bila kugeuza kichwa aichungulie pembe ile ya kushoto: atajiona alivyo, na shavu limerudi nyumbani. Shida ni watu kutundika picha juu ya kochi na kuiangalia wakiwa upande wa pili wa sebule, halafu wanalaumu fundi. Kuhusu fundi mwenyewe, mwenye busara hupanga watu safu tatu badala ya moja, huacha maua na mapazia yawe ndiyo yanayonyooshwa, na akikosa maua huweka pembeni wale ambao hawatanunua albamu.

Dalali naye ana deni kwa lenzi hii. Chumba ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki, kwenye tangazo kina nafasi ya watoto kuruka kamba. Mpangaji akifika anauliza chumba kingine kiko wapi. Lakini kabla ya kuiita tapeli, ipeleke kwenye mkutano wa hadhara. Wapiga picha wa wagombea huijua hatari ya lenzi pana; hupanda juu ya gari na lenzi ndefu, inayobananisha vichwa mpaka uwanja nusu tupu ufurike. Lenzi pana ikishuka uwanjani huipa kila pengo haki yake, na vile viti vyeupe vya plastiki vya mstari wa mbele, visivyo na mtu, hutoka vikubwa kuliko mgeni rasmi aliye jukwaani.

Maana inajua kanuni moja tu: aliye karibu ndiye mkubwa. Kwa haki kabisa, anayefanya hivyo ni umbali. Lenzi inakuruhusu tu kusogea kupita kiasi na bado usikose kitu. Cheo, jina, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, havina uzito mbele yake. Piga Kilimanjaro kutoka Moshi mjini kwa milimita 14, ukijaliwa siku isiyo na mawingu, na mlima wote kutoka chini hadi kileleni utachukua milimita mbili na kitu za sensa yenye kimo cha milimita 24. Ni kichuguu. Juu yake kuna anga, chini yake kuna barabara, bodaboda wawili na nguzo ya umeme ambayo sasa ndiyo ndefu kuliko yote Afrika.

Wengi huirudisha kwenye begi hapo hapo, na ndipo inapowashinda. Anayeiheshimu hupiga magoti. Hutafuta jiwe, ua, mzizi, kitu chochote chenye sura, akakisogelea hadi nusu mita. Kwenye f/8 akilenga umbali wa sentimita 80 na kitu hivi, kuanzia kama sentimita 42 mbele yake hadi mwisho wa dunia kila kitu kitaonekana bila ukungu. Akisogea hatua moja tu, jiwe linakuwa jabali. Akirudi hatua moja, halina maana. Uvivu wa kusimama mahali pamoja na kuzungusha zumu haulipi kitu hapa.

Kwa wanyama wa porini kanuni hiyo ina kikwazo chake. Simba akiijaza fremu ya milimita 14, picha itatoka nzuri sana na itatazamwa na ndugu wa marehemu. Ndugu wawili Waingereza, Will na Matthew Burrard-Lucas, walilitatua hilo kwa kuunda kigari cha rimoti, wakakiita BeetleCam, wakapakia kamera yenye lenzi pana na kukileta Tanzania. Simba akaibeba kamera. Hakuna lenzi nyingine inayosogelewa kwa mapenzi kiasi hicho.

Mahali pekee ambapo hata maadui zake hunyamaza ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Simama Hurumzi mbele ya mlango wa nakshi: miiba ya shaba, fremu iliyochongwa minyororo na maua, juu yake roshani ya mbao. Ungependa kurudi nyuma, lakini mgongo umeshagusa nyumba ya pili na pikipiki inapiga honi. Lenzi ya 50 itakupa kitasa. Ya 16 itakupa mlango, roshani, waya za umeme na ukanda wa anga, mradi uishike kamera wima bila kuiinua. Ukiinua pua yake kidogo tu ili kupata paa, kuta zote mbili zinaegemeana juu na mtaa mzima unaanguka chali. Ishike sawa, kubali nusu ya picha iwe sakafu ya mtaa, ukate baadaye.

Na mzee aliyekaa barazani pembeni, umempita ukisema shikamoo naye akakujibu, "Marahaba, lakini mimi usinipige, mwanangu." Kamera umeielekeza mlangoni, yeye anaona yuko salama, na wewe pia unaona hivyo. Yumo, mzee wa watu, goti moja na kikombe chake cha kahawa, vimerefushwa mara moja na nusu. Kwa lenzi hii ruhusa huombwa kwa kila aliye mbele yako na kwa nusu ya walio kando.

Unayetaka kuimiliki usiharakie mpya dukani. Nenda kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, huko zimejaa. Iweke kwenye kamera, simama mkabala kabisa na ukuta wa matofali, fungua tundu lote, piga, kisha kuza kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko wenzake, vioo vya ndani vimehama na pengine lenzi iliwahi kuanguka, mrudishie. Chungulia jicho lake kwa tochi kutafuta mikwaruzo na ukungu wa kuvu, hasa kama imetoka pwani. Zungusha zumu, sikiliza mchanga. Ikipita hapo, jadilini bei. Muuzaji atakwambia haikutumika sana. Mwamini.