Kiporo Hakibaki, Hufichwa

Mwaka 2022, kwa hesabu za shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao yake Gigiri pale Nairobi, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Majumbani peke yake zilitupwa kilo 79 kwa kila mtu. Kwangu Molo, wilaya ya Tororo upande wa Uganda, tuko saba, kwa hiyo tunadaiwa kilo 553. Nimeinua mikeka, nimechungulia chini ya vitanda, nimemhoji hata mbwa. Sijaziona.

Ndiyo maana miongozo ya kubana matumizi kwa kupika mabaki hunichekesha. Yote huanza vilevile: chukua kuku aliyebaki jana. Kuku gani? Alibaki wapi? Huku kwetu Tororo kuku akichinjwa hata kichwa kina mwenyewe, na miguu ina wagombea. Mwongozo wa kweli lazima uanzie nyuma kidogo. Kabla ya kujua namna ya kukipika kiporo upya, ujue namna ya kukipata.

Kiporo hakibaki, hufichwa. Liandike hilo kwenye mlango wa jikoni, kwa ndani.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huweka sufuria kabatini na kuifunika kwa sahani. Huyo kesho atakunywa chai bila kitafunio, maana watoto huanzia kabatini. Wa mwaka wa pili huficha chini ya kitanda, akasahau kwamba baba watoto pia hulala hapo na pua yake haina usingizi. Tata (sisi Wateso ndivyo tunavyomwita bibi) alikuwa amehitimu zamani. Alipakua chakula mbele yetu sote, akakung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu, ko, ko, ko, tuone kwa macho yetu kwamba kimekwisha, kisha akamimina maji humo kama mtu anayeloweka chombo cha kuosha. Kumbe kabla hata hajatuita alishatenga bakuli moja, akalitumbukiza ndani ya chungu cha mbegu za wimbi, akafunika kwa ungo, na juu ya ungo akaweka viatu vya babu. Hakukuwa na mtoto wa kugusa viatu vya babu. Asubuhi tulikuta mihogo na mchuzi wa karanga, na kwa miaka mingi tuliamini kwamba tata huamka usiku wa manane kutupikia.

Shule yake ilikuwa zama za Amin. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 maduka yalikauka, na chumvi, sukari na sabuni vikawa vitu vya kufuatwa ng'ambo Kenya kwa njia za panya. Mtu aliyewahi kutembea usiku kucha kwa ajili ya kipande cha sabuni hafundishwi kubana matumizi. Hata maganda ya maharagwe hakuyatupa: aliyachoma, majivu akayatia maji, akayachuja, na maji yale ndiyo yaliyolainisha majani ya kunde chunguni. Siku hizi wajukuu wake tunanunua magadi ya pakiti, halafu tunaulizana pesa zimeenda wapi.

Sasa kiporo umekipata. Hatua inayofuata ni kukibadilisha jina, kwa sababu neno lenyewe likitamkwa mezani watu hushiba ghafla. Pwani huita mwiku, Waganda huita amawolu, na kote huko sijasikia mtu akiitiwa hivyo akakimbia kunawa. (Watanzania wameipa jina la kiporo mechi ya mpira iliyoahirishwa. Hicho ndicho kiporo pekee ninachokijua ambacho watu hukilipia tiketi.)

Chukua maharagwe. Jumatatu chemsha nusu gorogoro, na siku hiyo yaitwe maharagwe, maana bado ni kweli. Jumanne yachanganye na sukuma wiki, mboga iliyokiri kazi yake tangu ilipobatizwa. Jumatano tia karanga za kusaga. Karanga ni msamaha wa jumla. Mchuzi ukishakuwa wa karanga hakuna anayeuliza kilichoko chini. Alhamisi yaponde, yakoroge mpaka yawe uji mzito, uyaite magira. Hapa uwe mwangalifu. Magira halisi ni ya kunde kavu zilizokobolewa, na Wajopadhola hawana mzaha nayo. Shemeji yangu ni wa kwao. Aliweka tonge kinywani, akatafuna polepole kama mtu anayesoma barua ya mahakama, akasema, "Shemeji, hizi kunde zako nyumbani kwao ziliitwa maharagwe?" Nikamwongezea ugali.

Lakini kila jioni, nasema kila jioni, yarudi motoni yachemke hasa, yatokote mpaka mfuniko ucheze. Kuyapasha juu juu ni kuyaandalia kitanda. Mwaka jana nilipitiwa jioni moja tu. Asubuhi nilipokaribia sufuria niliisikia ikipumua. Nilipofunua, povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni, jeupe, na harufu ikanitoa machozi ambayo sikuyatoa hata siku niliyoolewa. Nguruwe walikula vizuri.

Ugali hauna shida hizo. Huku mpakani una majina kwa wingi, posho au kaunga upande huu, ugali au sima ukishavuka, lakini ukilala majina yote hugeuka jiwe. Ukate vipande unene wa kidole, uweke moja kwa moja juu ya makaa yanayozimika, ugeuze mpaka ngozi iwe ya kahawia na ipasuke kidogo. Kula na chai ya moto. Basi. Sitaki kusikia habari za kuukaanga kwa mafuta, na nitaeleza kwa nini.

Wiki mbili zilizopita nilibakiwa na sahani moja ya wali, tuseme wa shilingi 1,500 za Uganda. Nikaamua kuuokoa kwa ubunifu, kama wanavyofundisha. Mayai mawili, 1,000. Nyanya, 500. Kitunguu, 300. Mafuta ya kupima, 1,000. Nikajumlisha: shilingi 2,800 kuokoa 1,500, na bado sijaweka makaa. Baba watoto alikula akasifu sana, akauliza kama kesho naweza kuokoa tena. Ubunifu jikoni ni kitu kizuri, ila mwulize kwanza atalipwa na nani.

Ndugu yake ubunifu ni kuvuka mpaka kufuata bei. Utasikia unga wa ngano Malaba upande wa Kenya umeshuka, utaamka alfajiri, utaokoa shilingi 1,500 kwenye pakiti na kumpa mwenye boda boda 5,000. Usimlaumu. Kazi hiyo ilizaliwa mpaka huu huu, Busia, miaka ya 1960, baiskeli zikibeba watu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na tangu wakati huo hakuna akiba ambayo haijawahi kupakiwa nyuma yake ikashuka imepungua.

Chapati za jana nitazipita haraka kwa sababu biashara imenitangulia. Zikikauka, katakata, mimina maharagwe ya moto, zinalainika, zinaitwa kikomando, na vijana wa mjini wanazilipia. Kama muuzaji alianza kwa chapati za leo au za juzi, mimi sina ushahidi na wewe huna.

Matanga na harusi ni mavuno. Usiende mikono mitupu, nenda na mkebe wa siagi. Mkebe huo, kama kila nyumba ya Afrika Mashariki inavyojua, hauna siagi na haujawahi kuonekana na siagi tangu mwaka uliponunuliwa. Zamani tulibebea kwenye mfuko wa nailoni, ule tunaouita kavera, na upande wa Uganda bado utauona kila mahali. Lakini Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Kwa hiyo ukitoka harusini Busia ya Uganda na pilau yako ndani ya kavera ukavuka lango la forodha, pilau ni halali, mfuko ni magendo. Shangazi mmoja wa kanisani kwetu alisimama kabla ya lango akaimalizia yote kwa mkono, wima, mkoba begani, akatupa mfuko pipani akavuka akiwa raia mwema. Huo nauita utunzaji bora kabisa wa chakula.

Sasa niweke mzaha kando kwa aya moja. Wali uliokaa nje kutwa kwenye joto hili letu huotesha vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata ukiuchemsha upya, kwa hiyo wali uliolala nje usiuhurumie. Na mahindi au karanga zilizoshika ukungu si za kuoshwa, si za kukaangwa, wala si za kuchanganywa na nzuri ili zifichike. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo; malori yalijipanga Malaba na Busia kama treni, na siku chache baadaye katazo lilipolegezwa likaja na sharti la cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Sumukuvu hula ini, na moto wa jikoni hauiwezi. Anayepika mahindi yenye ukungu ili aokoe elfu mbili anajiwekea akiba hospitali. Wala usidhani kuku watakusaidia kuzimaliza, maana sumu ile huwapata nao.

Turudi kwa nguruwe, kwa sababu kila mwongozo wa mabaki huishia kwao. Ajono, pombe yetu ya wimbi, ikishanyonywa chunguni, mirija ikatundikwa na wazee wakaanza kutafuta mlango, yanabaki machicha ya wimbi. Hayo mpe nguruwe, kidogo kidogo. Mdogo wangu alimpa wake yote kwa mkupuo. Nguruwe alizunguka zizi mara mbili kwa heshima zote, akaegemea nguzo, akalala hadi kesho yake saa nne, na majirani wawili walishakuja kuuliza nyama itauzwa bei gani. Alipoamka walionekana kusikitika.

Wakati naandika haya maharagwe yameshafika Jumatano. Yako mahali pake, ndani ya chungu, chini ya ungo, na juu ya ungo viko viatu vya babu, ambavyo mwenyewe alizikwa bila kuvivaa kwa sababu tata alisema jikoni bado vinahitajika. Ukipita Molo kesho, Alhamisi, karibu sana, ila kula kwanza ulikotoka. Na usiguse viatu.