Barua ya Wazi kwa Kamati ya Kumteua Mfanyakazi Hodari

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Yah: MAOMBI YA KUONEKANA KAZINI

Somo hapo juu lahusika.

Kwanza Kamati inapongezwa. Kumpata mfanyakazi hodari kabla ya Mei Mosi ni kazi nzito, lakini katika ofisi nyingi za Tanzania Kamati huimaliza kwa kikao kimoja, chai ikiwa bado ya moto. Wasiojua wangedhani inabidi kupita chumba kwa chumba na kuuliza nani alifanya nini. Kamati ina njia nyepesi: huteuliwa yule anayeonekana kutoka kwenye kiti cha bosi. Mwaka huu dereva wa mkurugenzi, mwakani katibu muhtasi wake. (Dereva anayemfikisha mtu Dodoma salama usiku wa mvua anastahili cheti. Tatizo ni kwamba wa lori la stoo haonekani dirishani.)

Itazamwe safari ya dokezo sabili moja. Afisa wa daraja la chini anapiga simu halmashauri baada ya halmashauri akitafuta takwimu, anabembeleza, anakesha kwenye jedwali. Mkuu wa kitengo anahamisha mkato mmoja. Mkuu wa idara anaongeza "kwa hatua zako". Barua inatoka ikiwa imesainiwa "Kny: Mkurugenzi". Siku ya kikao takwimu zinasomwa na mtu anayeinama kumuuliza jirani yake safu ya tatu inahusu nini. Afisa yumo humo humo ukumbini, ameshika waya wa projekta usichomoke, na kwenye muhtasari atatajwa chini ya "Waalikwa".

Serikali nayo imejitahidi. Mwaka 2004 iliachana na ripoti ya siri, ile aliyoijaza bosi bila mtumishi kuiona, ikaleta OPRAS ili wawili hao wakubaliane malengo kwa uwazi. Kwingi fomu ikawa inajazwa mara moja, malengo na mafanikio kwa kalamu ile ile, siku ya mwisho ya kuikusanya. Sasa ipo PEPMIS: mtumishi anaingiza kazi zake kwenye mfumo, bosi anaidhinisha. Ni maendeleo makubwa. Siku hizi mtu anasahaulika kidijitali.

Kamati ikihitaji mfano wa kuiga, hauko mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mwalimu mwingine, na alipong'ang'ania, darasa likapata mzaha mpya: kila kosa lake likapachikwa jina la Mpemba. Baadaye, shuleni hapo hapo, aliuliza swali lile lile, sasa kuhusu maji, mbele ya Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakuamini, ila alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Makala ilipotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori huko Moshi, lilitangulia, la mhadhiri likafuata. Wino ulikuwa ule ule, gharama haikuongezeka hata senti.

Hata hapo, lakini, yuko mtu aliyebaki mlangoni. Aliyegandisha maji yale Dar es Salaam alikuwa fundi wa maabara. Alileta jibu kwamba ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Maneno yake yamo kwenye makala. Jina lake halimo.

Kuhusu kigezo cha "kujituma", Kamati inakumbushwa kwamba wafanyakazi wa Chicago waliogoma Mei 1886 walidai siku ya kazi ya saa nane. Hawakudai fulana na kofia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kwa hiyo yule anayesifiwa kila mwaka kwa kuondoka wa mwisho, taa ikiwaka peke yake ghorofani, huenda ana madai zaidi kuliko sifa.

Kamati inaombwa, kabla ya chai, iwaite mfagizi, mlinzi wa usiku na mtunza masjala, iwaulize faili huwa zinabebwa na nani. Inaombwa pia kila taarifa iwe na mstari wa "Imeandaliwa na", wenye jina la aliyeiandaa kweli.

Mwisho, mshindi wa mwaka jana, aliyepiga picha uwanjani na mfano wa hundi mrefu kuliko yeye, bado anaulizia hundi yenyewe. Ameelekezwa aandike barua, ipitie kwa mkuu wake wa idara.