Namna ya Kuifunda Simu Mpya Mtwara

Simu mpya ikitolewa kwenye boksi, chini ya taa nyeupe za dukani, kila mtu huipenda. Kioo kinang'aa, kamera inakufutia makunyanzi, na muuzaji keshabandika protekta kabla hujakubali bei. Usiihukumu hapo. Simu inayokuja Mtwara ni mwali: imefika imepakwa mafuta, inapendeza, lakini haijafundwa. Kungwi ni wewe.

Anza kwa kuiuliza ukoo wake. Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, kisha zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, mrudishie mwenyewe ungali umesimama mbele yake. Usione haya. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima, na wengi waliolala na simu waliamka na tochi.

Ukoo ukithibitika, tuje kwenye kidole. Muuzaji atakuhimiza uifunge simu kwa alama ya kidole, maana ndiyo njia rahisi. Kwake yeye ni rahisi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mama aliyebangua kwa mkono msimu mzima ncha za vidole vyake hubabuka, mistari ikafifia. Kuli wa bandarini anayeshika magunia kutwa yumo humo humo, na mvuvi anayevuta kamba ya nyavu pia. Laini zilipokuwa zinasajiliwa upya kwa alama za vidole, kuanzia Mei 2019 hadi Januari 20, 2020, mikono ya namna hii ndiyo iliyopata taabu mbele ya mashine. Nakwambia, mama: kasoro si yako, na mtu asikucheke kwamba simu janja imekushinda. Sajili kidole kile kile mara mbili, kikiwa kikavu. Ongeza kidole cha mkono wa pili. Kisha weka namba ya siri unayoikumbuka wewe, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo mtaa mzima unaujua.

Kitu kimoja sikikubali kabisa: bibi kuwekewa kidole cha mjukuu ili asihangaike. Simu hiyo ndiyo inayopokea taarifa za benki baada ya mnada wa korosho. Anayeifungua ndiye mwenye korosho. Mpende mjukuu, mpe hata picha apige, lakini kidole chake kibaki mkononi mwake.

Sasa ipeleke mpakani, Msimbati au Kilambo. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe huifuata saa ya mnara ilioushika, na kwenye mlango wa Ruvuma mnara wa ng'ambo hauko mbali. Ikiushika, saa moja asubuhi inageuka saa kumi na mbili, wewe huna habari. Kwa mvuvi anayekwenda na maji, hiyo ni safari iliyopotea. Ndani ya Ramadhani ni balaa zaidi: kalenda ya msikitini inasema daku mwisho saa kumi na moja kasoro, simu inasema bado una saa nzima, nawe unaendelea na uji wako alfajiri imeshaingia. Ingia kwenye mipangilio, zima saa ya kujiweka yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono wako. Hapo hapo zima data ya nje ya nchi, la sivyo salio litavuka mto bila pasipoti.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Boksi likiandika IP68, jua kwamba kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwenye kivuko cha Msangamkuu iweke mfuko wa ndani, picha ya bahari utapiga ukishafika ng'ambo. Ikidondoka baharini, izime na umpelekee fundi siku ile ile. Mchele mpikie watoto. Hautoi chumvi ndani ya simu.

Linaloniuma ni mkopo. Simu za kulipia kidogo kidogo zimewafikisha watu wengi kwenye intaneti, na kwa bodaboda anayeshika pesa kila jioni sina neno. Mkulima wa korosho hashiki pesa kila jioni. Minada hufunguka Oktoba, mzigo unapitia ghala la stakabadhi, malipo yanaingia benki, na ifikapo Machi nyumba nyingi zinahesabu sarafu. Simu ya mkopo haijui msimu. Usipolipa, inajifunga, na ikijifunga imefunga pia pochi yako na ujumbe wa chama chako cha ushirika. Kabla ya kusaini, zidisha kwa sauti mbele ya muuzaji: shilingi 1,000 kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka, kianzio hakijaingia. Uliza bei ya taslimu ya simu ile ile. Uliza kama utapunguziwa ukilipa yote kwa mkupuo baada ya mnada. Akianza kukuonyesha kamera tena, aga uondoke.

Na kitochi chako usikiuze. Iache humo laini yenye pesa, kwa sababu humo hakuna kiungo cha kubofya wala programu ya kudokoa namba za siri. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" watakufikia hata huko, na dawa yao ni moja: usijibu, peleka namba yao 15040. Halafu piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho mkononi, wala usiondoke mpaka imefutwa.