Heri Barabara Nyembamba

Wapo wanaotaka barabara ya Mombo hadi Lushoto ipanuliwe. Hawajui wanachokililia.

Ni barabara ya mkoa, kilomita 30 na ushei tu, lakini inafanya kazi iliyoishinda barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha inayopita pale chini: kukutanisha watu. Kule bondeni magari hupishana bila hata salamu. Huku mlimani, lori la kabichi likikutana na Costa kwenye kona, lazima mmoja arudi nyuma, na kabla hajarudi sharti kikao kikae. Nani ana mzigo? Nani alipiga honi? Nani alimwona mwenzake mapema akajitia kutomwona? Hoja zikiisha, utingo anaruka chini na jiwe lake, analisogeza nyuma ya tairi: “Njoo, njoo, njoo... bado, njoo!” Kioo cha pembeni kinakwaruza mwamba. Abiria wa upande wa pili wanatazama miti kwa juu, na hawajatozwa nyongeza ya nauli.

Sheria ya Barabara ya 2007 nayo haikuwa bahili. Imeipa barabara ya namna hii hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kwenye kona hizi, upande mmoja ni mita 30 za mwamba, na wa pili ni mita 30 za hewa. Kwenye hewa hiyo hakuna aliyevamia, hakuna nyumba iliyopigwa X, hakuna anayedai fidia. Hifadhi inayoheshimiwa hivi ni adimu.

Tusisahau afya. Mombo ni joto. Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni sweta. Barabara pana ingekufikisha kabla hujalitoa begini.

Biashara je? Magari yakikwama Soni, plamu na pichesi huuzika dirishani, na mnunuzi hana pa kukimbilia. Karoti zikichelewa kufika Kariakoo zinanyauka, dalali anashusha bei, mlaji wa mjini anapata ahueni. Mkulima amebaki na hasara, ni kweli, ila amefundishwa subira bila ada. Masika yakiuporomosha udongo hadi kwenye lami, somo hurudiwa kwa vitendo: watu wanashuka na majembe, na breki zinapata nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo kona zisiguswe. Kama kuna fungu limebaki, linunue mawe ya kuzuilia tairi, ingawa hata hilo si la haraka. Matingo waungwana, gari likishaondoka, huliacha jiwe palepale katikati ya lami, ili anayefuata asihangaike kulitafuta.