Heko kwa Chumvi ya Ukutani

Nyumba ikishaisha, wote walioijenga huondoka. Mwashi akimaliziwa chake, simu yake haipatikani. Mchora ramani ulimwona mara ya mwisho siku ya malipo. Dereva wa lori la mchanga hata jina lake hulijui. Ndugu na majirani waliokuja kula pilau ya kuhamia wamerudi makwao, kila mmoja na "hongera sana" yake. Anayebaki nawe ni mmoja, tena hakualikwa: chumvi ya ukutani, ule unga mweupe unaochomoza juu kidogo ya sketingi, ukafurisha rangi, ukabandua plasta, na kila alfajiri ukaacha fungu lake sakafuni ili ufagio usikae bure.

Watu wa pwani tunaitukana bila kuijua. Tunaiita uchafu, tunaiita nuksi, na wapo waliofika mbali wakamsingizia jirani. Mimi naona umefika wakati wa kuitendea haki, maana katika jengo zima ndiyo pekee ambayo haijawahi kumdanganya mwenye nyumba.

Tuanze na ukoo, kwani anayesifiwa huulizwa kwanza ametoka kwa nani. Herodotus, Mgiriki aliyesimulia habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba chumvi ya nchi ile hutoka ardhini ikaziharibu hata piramidi. Piramidi! Farao alikuwa na mawe, alikuwa na watu, alikuwa na muda, na hakuna fundi aliyethubutu kumwambia mifuko ya saruji imepelea. Kama ilimgusa yeye, wewe wa kiwanja cha mita 20 kwa 20 kule Kigamboni una ubavu gani wa kulalamika?

Upande wa pili wa ukoo uko kwenye Biblia, Walawi sura ya 14. Humo kuna utaratibu mzima wa nyumba iliyotokwa na madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani. Mwenye nyumba anakwenda kwa kuhani. Kuhani anaamuru vyombo vyote vitolewe kabla hajaingia. Anakagua, anaifunga nyumba siku saba, anarudi kutazama kama madoa yameenea. Yakiwa yameenea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ndani panakwanguliwa pande zote, kifusi nacho kinatupwa nje ya mji, yanawekwa mawe mengine na udongo mpya. Madoa yakirudi baada ya hapo, nyumba inabomolewa. Wataalamu watasema yale yalikuwa kuvu, si chumvi. Sawa, ni binamu. Wanaishi chumba kimoja na wanakunywa maji yaleyale.

Sasa linganisha na ukaguzi wa siku hizi. Fundi anaingia, sofa haisogezwi, anaparuza ukuta kwa ukucha, anapiga mluzi kidogo, kisha: "Bosi, hapa ni kukwangua tu, tunapiga wolputi, tunapiga rangi mikono miwili, habari imekwisha." Kuhani alisubiri siku saba. Huyu anataka nusu ya hela leo jioni.

Chumvi haina haraka ya namna hiyo. Tofali la saruji lina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda humo kama chai inavyopanda kwenye andazi lililochovywa ncha tu. Njiani yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, kwenye mchanga, na kwenye tofali lenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta, hewa inayakausha, yanakwenda zake. Chumvi iliyosafiri nayo haiwezi kuruka hewani, kwa hiyo inabaki palepale na kugeuka chembe ngumu. Chembe zikikua nyuma ya rangi, zinaisukuma. Bonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba: linapasuka kwa mlio mkavu, ganda la rangi linavunjika, na ndani utakuta nyuzi nyeupe nyembamba zimesimama zikitazama sebule. Puliza, zinaanguka. Wapo wanaozilamba ili wahakikishe. Hakuna haja, na si kila chumvi ni ya mezani. Na kwa kuwa inangoja maji yakauke, haichanui masika yakiwa yamepamba moto. Huchanua mvua ikikatika na jua likirudi, wakati mwenye nyumba ameshasema afadhali mwaka huu tumenusurika.

Uaminifu wake ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu kila mahali inapotokea inakuambia maji yanatoka wapi. Ikikaa chini na kuzunguka chumba kwa mstari wa usawa, pengine hadi kimo cha mita moja hivi, hayo ni maji ya ardhi yanayopanda. Ikiwa ni doa moja pana, na nyuma yake kuna bafu, mshuku bomba, au sakafu ya bafu iliyoinamia upande usio wake. Funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, kaa saa moja bila mtu kufungua kitu, kisha isome tena. Namba ikiwa imesogea, una mvujo kwenye bomba. Ikiwa imesimama, bado hujasalimika, maana bomba la maji machafu halipiti kwenye mita. Ikitokea juu kwenye kona, karibu na dari, usihangaike na msingi: panda ngazi ukatazame gata lililoziba majani ya mwarobaini. Na ikiwa ilianza mwaka ule ulipoinua bustani ya maua hadi chini ya dirisha, basi huna haja hata ya kupanda ngazi.

Ile ya mstari wa usawa ndiyo bingwa wao, na ndiyo inayofichua yaliyofanyika siku mwenye nyumba hakuwepo saiti. Kati ya msingi na ukuta hutakiwa kulazwa dipisii, ile nailoni nyeusi ya kuzuia maji yasipande, na inafaa iwe angalau sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Katika hesabu ya nyumba nzima bei yake ni ndogo mno, nadhani ndiyo sababu huwa ya kwanza kusahauliwa. Haionekani. Mgeni hawezi kuisifia. Hakuna aliyewahi kupiga picha mbele ya dipisii. Lakini hata aliyeiweka asijitape mapema. Wengi huilaza vizuri, halafu miaka mitatu baadaye wanajaza kifusi uani, wanapanga pevingi za kuvutia, na ua unapanda mpaka unaipita. Au fundi plasta anateremsha plasta ya nje moja kwa moja hadi ardhini, akiifunika. Maji hayana ugomvi na nailoni. Yanapita kwenye plasta, yanaizunguka, yanaendelea na safari juu yake.

Chumvi inajua pia habari za lori la usiku, lile la mchanga wa bei nafuu uliochotwa ufukweni, wenye vipande vya kome ndani yake. Mchanga huo huja na akiba yake, haungoji hata maji ya ardhi. Na hapa chumvi inatenda hisani ambayo wachache wanaitambua. Ukutani inakuharibia rangi na plasta tu, lakini chumvi hiyohiyo ikiwa kwenye zege la nguzo na mihimili, inashambulia nondo. Chuma kinashika kutu, kutu inatanuka, zege linapasuka kufuata urefu wa nondo. Anayeona unga mweupe sebuleni, na anakumbuka mchanga wake ulikotoka, ana sababu ya kwenda kuzitazama nguzo zake kwa makini na kumwita mhandisi akiona ufa.

Kwa upande wa uchumi, sijui wauza rangi wangeishije bila yake. Mwenye nyumba akikasirika hukimbilia rangi ya mafuta, ile inayong'aa, akitumaini kuiziba mdomo. Rangi ya namna hiyo haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyokosa pa kutokea yanapanda zaidi kutafuta sehemu iliyo wazi. Mwenye uwezo zaidi huweka marumaru ukutani hadi kiunoni. Chumvi haina kiburi, inapokea cheo kipya: jana ilikuwa magotini, leo iko kifuani, juu ya ukingo wa marumaru ghali, mahali ambapo mgeni akikaa kwenye sofa inakuwa sawasawa na macho yake. Wengine hupigilia mbao za mapambo au bodi za jipsamu mbele ya ukuta. Huko nyuma, gizani, pamoja na yule binamu, mambo huwa mazuri zaidi.

Mpangaji naye anadaiwa shukrani na chumvi. Nyumba hupakwa rangi kiangazi, mpangaji hutafutwa rangi ikiwa bado inanukia, na kodi ya miezi sita huombwa kwa mkupuo. Dalali atakuonyesha dari, atakuonyesha jiko, atakuonyesha hata mti wa mwembe. Wewe inama. Pitisha kiganja juu ya sketingi. Kama rangi mpya imepigwa mpaka usawa wa kiuno tu na juu ni ya zamani, kuna mtu alitaka kuificha. Kama kabati la mwenye nyumba limeachwa "kwa hisani" kwenye ukuta mmoja na eti haliwezi kusogezwa, omba lisogezwe. Kalenda iliyotundikwa chini mno, nayo iinue.

Wazee waliojua kuishi nayo ni wale wa Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa mkono mmoja wakiwa wanaigusa bahari. Hawakuifukuza chumvi. Walipaka chokaa, ambayo inaruhusu unyevu kutoka, na chokaa ilipochakaa kwa chumvi walipaka nyingine, ukuta wenyewe ukabaki salama ndani. Kisha ikaja saruji na sifa zake za ugumu. Watu wakapiga plasta ya saruji juu ya kuta za karne nzima ili waziimarishe. Saruji ikafunga, maji yakabaki ndani, plasta ikaanza kutoka kwa vipande vikubwa huku ikibeba na uso wa jiwe. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hadi leo mtu wa kuhifadhi majengo akikuta ndoo ya saruji mbele ya nyumba ya matumbawe, uso unamkunjamana.

Kwa anayetaka kuagana nayo kwa heshima, masharti yake ni machache ila hayana njia ya mkato. Maji kwanza: bomba litengenezwe, gata lizibuliwe, ardhi ya nje ishushwe chini ya dipisii, na maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta. Nyumba isiyo na dipisii kabisa inaweza kuwekewa, kwa kukata ukuta vipande vifupi vifupi na kupenyeza nailoni, au kwa kutoboa matundu mfululizo na kuingiza dawa ya kuzuia maji. Kazi zote mbili apewe anayezijua, maana nyumba inaendelea kukaa juu ya ukuta huohuo unaokatwa. Unga wenyewe ondoa kwa brashi kavu. Anayeuosha kwa maji anauyeyusha na kuurudisha ndani, kisha anashangaa umerudi.

Halafu plasta iliyoathirika ing'olewe hadi nusu mita juu ya mstari ulipofika. Hapa ndipo wengi hubisha: maji si yamekatwa, plasta ina kosa gani? Kosa lake ni kwamba imeshajaa chumvi, na chumvi ya kawaida huvuta maji hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi. Asubuhi za Dar es Salaam na Tanga hupita hapo bila jasho, na ukuta ndio unaotoka jasho, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Kwa hiyo plasta itoke, ukuta uachwe wazi ukauke, na ukauke maana yake ni miezi, si wikiendi. Vumilia wageni wakuulize kama umeishiwa. Kisha plasta mpya yenye chokaa ndani yake, mchanga safi wa mtoni, na rangi inayopitisha hewa.

Imebaki kazi ya kifusi. Kuhani wa Walawi aliagiza kitupwe nje ya mji, mahali pasipo safi, na sababu zake zilikuwa za ibada. Kwetu kifusi chenye chumvi kinalundikwa pembeni ya geti, watoto wanakiruka kwa wiki mbili, mpaka siku fundi anapokuja kupima kibaraza kipya cha mbele. Anakitazama, anakitazama tena, kisha anakuja taratibu na habari njema: "Bosi, hiki tusihangaike kukodi gari la kukitupa. Si tunakijazia humu barazani, tunakishindilia vizuri kwenye ukuta, tunamwaga zege juu?" Nawe ukipiga hesabu ya gari, unaona kweli kijana ana akili.